Neno Lililofutwa Ubavuni mwa Punda

Siku niliyorudisha funguo za geti, nyie vijana wa yadi mlinikalisha kwenye kiti cha ofisini, mkanilisha keki yenye sukari ya kumlaza mtu wa umri wangu hospitali, kisha mkaniomba niandike. "Mzee Salum, tuandikie mlivyokuwa mnafanya zamani, before hizi remote." Nikasema inshallah. Binti yangu anadai nikilitamka neno hilo kwa sauti ile, maana yake ni hapana. Safari hii nimemkosoa.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mnakisoma, na nusu iliyobaki mna mama zenu wa kuwasomea. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa kiasi gani sitaandika. Mambo hayo hayamfundishi mtu kuegesha karavani. Nitaandika juu ya karavani za ekseli mbili, juu ya mashine tuliyoiita Punda, na juu ya mtu mmoja anaitwa Dieudonné. Mtaona nakawia kufika kwake. Nimekawia zaidi ya miaka ishirini, kurasa mbili tatu hazitaniongezea dhambi.

Nilianza kazi hapa Landover, Marekani, kipindi kile uwanja mkubwa wa mpira unajengwa jirani yetu. Malori ya saruji yalipita kutwa nzima, na vumbi lilituingia mpaka kwenye chai. Yadi ilikuwa pale pale ilipo leo, nyuma ya maghala, ila geti lilikuwa la mnyororo na ofisi ilikuwa kontena. Unguja nilikuwa fundi wa magari, nikadhani nimeajiriwa nitengeneze magari. Nikakuta uwanja mzima umejaa vijumba vyeupe vyenye magurudumu. Nikamuuliza msimamizi nani anakaa humo.

Msimamizi aliitwa Otis. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hapo hapo, magoti yamemvimba kwa miaka ya kuinama chini ya trela. Kiingereza chake mwanzoni nilikielewa nusu, na nusu ya pili nilikuwa naitikia tu. Akanieleza kwamba hakuna anayekaa humo. Watu wanavifunga nyuma ya gari, wanakwenda navyo msituni kulala, kisha wanavirudisha kwetu vipumzike mpaka mwakani. Nikamuuliza kwa nini mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne kule mjini Bowie aende kulala msituni. Otis akafikiri. Akasema ni swali zuri, lakini hatukuajiriwa kulijibu.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni tofauti ya ekseli moja na ekseli mbili. Karavani ya ekseli moja ina gurudumu moja kila ubavu. Unaishika shingo, ile nondo ya mbele inayofungwa kwenye gari, unaizungusha pale pale ilipo, kama toroli. Ya ekseli mbili ina magurudumu mawili kila ubavu, moja nyuma ya jingine, na hayo hayazunguki pamoja kwa hiari yao. Ukilazimisha kuigeuza pale pale, tairi haziviringiki, zinaburuzwa kwa ubavu. Zinalia, zinapinda, na ukiendelea kujifanya mwanamume zinachomoka kwenye rimu. Kwa hiyo haigeuzwi kwa mara moja. Unaipa nusu hatua mbele ukipinda kidogo, nusu hatua nyuma ukipinda kidogo, tena na tena, mpaka inajikuta imegeuka bila kujua. Kwenye zege unamwaga maji chini ya tairi ziteleze. Kwenye changarawe unatandika plaiwudi. "Usigombane nayo," Otis alisema. "Ina tani tatu, na wewe una mke."

Kitu cha pili alikirudia kila asubuhi, hata kwa watu waliokuwa pale miaka kumi: usisimame kati ya kitu kinachotembea na kitu kisichotembea. Hilo liandikeni. Kama mnataka kuacha kusoma hapa, mmeshapata la maana.

Wakati huo tulisogeza karavani kwa forklifti au kwa mabega. Mwaka wangu wa pili tajiri, mwenye yadi, akaleta mashine. Ilikuwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa friji lililolazwa chini, limebeba betri, na chini yake magurudumu mawili mafupi manene. Juu lilikuwa na mpira wa chuma wa kupokea shingo ya karavani, na mbele likatoka shikio refu kama la mashine ya kukatia majani. Unatembea nalo. Kwenye shikio kulikuwa na wenzo: ukiubana, mashine inakwenda, ukiuachia, inasimama na kujifunga breki yenyewe. Chini ya shikio palikuwa na wenzo mwingine mdogo wa manjano, wa kufungua breki kwa mkono, ili betri ikiisha muweze kuikokota. Ule wa manjano muukumbuke.

Otis akaibatiza jina la mnyama yule anayezaliwa na punda na farasi. Kwa Kiswahili ni nyumbu, lakini hebu jaribu kuita nyumbu mara arobaini kwa siku. Mimi nikamwita Punda, na jina likashika.

Mimi ndiye niliyepelekwa mafunzo ya siku mbili ya Punda, na mimi ndiye niliyefundisha wengine. Niseme ukweli, nilijiona. Otis alikuwa ananiita kuliko anavyowaita wengine, akisema macho yangu yanaona sentimita. Nilikuwa mzuri kweli. Ndiyo maana jambo hili limenichukua muda mrefu kulisema.

Dieudonné alikuja majira ya baridi yaliyofuata. Alitoka Lubumbashi, ambako aliendesha winchi migodini. Alikuwa mrefu, mkimya, anavaa shati la kufunga mpaka kifungo cha juu hata siku ya kuzibua vyoo vya karavani. Nilimsikia anasema na simu, nikarukwa na furaha kwamba nimepata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Kisha nikamsikia vizuri zaidi.

"Jambo, kaka," aliniambia. "Minaitwa Dieudonné. Banasema weye njo chef ya hii mashini."

Nyie mnajua sisi watu wa Unguja. Tunaamini Kiswahili tulikiumba sisi na wengine wote wameazima, tena bila kuomba. Nikamwambia pale pale, "Husemi 'njo chef ya hii mashini'. Unasema 'ndiye mkuu wa mashine hii'." Akarudia kwa heshima, kama mwanafunzi. Tangu siku ile ikawa ndio mchezo wetu. Yeye anasema, mimi nasahihisha, watu wanacheka. Kiswahili chako umekiokota njiani, nilikuwa namwambia. Alikuwa anacheka pia. Nilichukulia kwamba kicheko chake ni ruhusa.

Mezani kwetu mchana alizungumzia sana bibi yake. Bibi yangu iko Lubumbashi, bibi yangu anagonjwa malaria, minatafuta namna ya kuleta bibi yangu. Mwezi mzima namhurumia kijana anayempenda bibi yake hivyo. Mpaka siku moja akatoa picha mfukoni, nikaona msichana wa miaka ishirini na ushee amembeba mtoto mchanga. "Huyu ndiye bibi?" Nikamweleza kwamba kwetu bibi ni mama yake mama. Yule ni mke. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaitazama picha tena, akasema, "Mke wangu," polepole, akilijaribu neno.

Mikono yake kwenye Punda ilikuwa jambo jingine. Mimi niliijua mashine kwa akili, yeye aliijua kwa vidole. Alikuwa akiubana wenzo kidogo kidogo mpaka karavani ya futi thelathini inasogea kama mtu anayetafuta ndara gizani kwa miguu. "Hii punda haina kichwa nguvu," alikuwa akisema. Kichwa nguvu kwao ni ukaidi. Sikulisahihisha hilo, lilinipendeza.

Sasa neno lenyewe. Siku moja tulikuwa tunashusha shingo ya karavani kwenye jeki. Mimi nimeshika mpini wa jeki, yeye yuko chini anatazama. Akaita, "Achia, kaka, achia!" Nikaachia. Nikautoa mkono kabisa, kama Mswahili yeyote aliyeambiwa aachie. Mpini ukazunguka kama pangaboi, shingo ikashuka kwa kishindo, ikapasua tofali sentimita chache kutoka kwenye kidole chake. Tulipomaliza kutukanana ndipo tukaelewana. Kwangu mimi kuachia kitu ni kuondoa mkono. Kwake yeye, achia maana yake iache ije, iendelee kuja. Alikuwa anataka nishushe kidogo zaidi.

Nilikuwa tayari kumfundisha maana sahihi. Yeye ndiye aliyefikiri vizuri kuliko mimi. "Kaka, si kitu ya kufundishana," alisema. "Hapa ni kazi. Hii neno tuitupe. Tuchague maneno yetu, tuandike."

Akachukua rangi nyeupe na brashi, akapiga magoti ubavuni mwa Punda. Akaandika MBELE. Akaandika NYUMA. Akaniuliza taratibu inaandikwaje, akaandika TARATIBU. Akaandika SIMAMA, kubwa kuliko mengine. Chini kabisa akaandika ACHIA, kisha akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akalikata neno lile kwa mstari mnene. "Voilà. Hii imekufa." Otis alipopita akauliza ni nini, tukamweleza. Akapenda. Kuanzia wiki ile yadi nzima ilitumia maneno yale, Wamarekani, Wasalvador, kila mtu, maana Otis alisema neno la kusimamisha mashine lazima liwe moja, na bora liwe neno ambalo mtu halitumii kwa jambo jingine. Mimi nikawa wa kuwakumbusha wengine. Nilikuwa mkali kwelikweli.

Wakati huo Dieudonné alikuwa karibu kufanikiwa. Makaratasi ya mkewe na bintiye yalibaki kitu kimoja, barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ana kazi ya kudumu. Tajiri alikubali. Nyambura, dada wa Nyeri aliyekuwa akituandikia barua zote pale ofisini, alikwisha kuichapa, na ilikuwa inasubiri kutiwa saini Ijumaa. Dieudonné alikuwa akipita dirishani kwa Nyambura kila asubuhi kuitazama kwenye trei. Haigusi, anaitazama tu.

Jumatano ya wiki hiyo tulitumwa Bowie.

Mteja alikuwa mama mstaafu wa serikali, mpole, mwenye karavani ya ekseli mbili aliyotaka iwekwe ubavuni mwa nyumba. Njia yake ya gari ilikuwa inateremka kutoka barabarani hadi pembeni ya nyumba, na mwisho wake palikuwa na baraza jipya la mbao lenye nguzo nyeupe. Maana yake karavani iingie kinyumenyume, ikishuka, na Punda awe juu akiizuia. Nafasi kati ya ukingo wa karavani na nguzo ya baraza ilikuwa ya viganja viwili. Mama yule alisimama barazani anatutazama, akituambia marehemu mumewe angefurahi.

Dieudonné alishika Punda. Mimi nilikuwa nyuma, chini, ubavuni, kabari mkononi. Tulikwenda vizuri sana. Nusu hatua nyuma, pinda, nusu hatua mbele, pinda. Tairi za nyuma zilikuwa zinagoma kwenye mgeuko, basi mara mbili tulifanya kama tunavyofanya kwenye mteremko: yeye anafungua breki kidogo kwa ule wenzo wa manjano, karavani inateleza kwa uzito wake mwenyewe kiasi cha inchi, anafunga. Si jambo lililoandikwa kitabuni. Tulilifanya kila mara, na yeye alilifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Mama alituambia anaingia ndani kutuletea maji ya ndimu. Mlango ukafungwa. Nikageuza kichwa kumshukuru. Niliporudisha macho, ukingo wa karavani ulikuwa umebakisha kidole kimoja kufika kwenye nguzo.

Neno la kusimamisha lilikuwepo. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa Punda, chini ya macho ya Dieudonné. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewagombeza watu kwa ajili yake mwaka mzima. Lakini mtu akishtuka hasemi alichofundisha, anasema alichonyonya. Nikapiga kelele, "Achia! Achia!"

Nilitaka aondoe mkono kwenye wenzo. Angeondoa, Punda angejifunga.

Yeye alisikia iache ije. Aliniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa macho. Akavuta wenzo wa manjano mpaka mwisho.

Tani tatu zilishuka. Niliitupa kabari chini ya tairi, ikasukumwa kama ganda la ndizi. Ukingo ukavunja nguzo, na paa la baraza likaanguka pale pale aliposimama yule mama dakika moja kabla. Huko juu Punda alivutwa, shikio likazunguka, likambana Dieudonné mkono wa kushoto kwenye uzio wa matofali. Nilisikia mfupa. Mama akatoka na jagi mkononi, akasimama mlangoni, hana pa kukanyaga.

Nilimkimbilia Dieudonné. Alikuwa amekaa chini, amekumbatia mkono wake, midomo imekuwa ya kijivu. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, ulisema achia? Si ulisema achia?"

Nilimwambia asizungumze, ambulansi inakuja.

Otis alifika kabla ambulansi haijaondoka. Alitazama paa, akamtazama yule mama, akatazama mahali mama alipokuwa amesimama kabla. Kisha akanijia mimi, kwa sababu alikuwa akiniamini mimi.

"Ulimwambia nini?"

Nikasema, "Nilimwambia simama."

Nilisema kwa Kiingereza, ila lile neno nikalisema kwa Kiswahili, ili Dieudonné asikie. Alikuwa amelala kwenye machela, hatua tatu kutoka kwetu. Aligeuza shingo akanitazama. Nilingoja anikanushe. Nafikiri kama angenikanusha ningekubali, nafikiri hivyo, lakini mtu hujisemea mengi. Hakunikanusha. Nilimwona anatafakari, kama mtu anayepekua mfukoni kitu alichokuwa na hakika nacho. Kisha akafumba macho. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimemfundisha kwamba tukitofautiana juu ya neno la Kiswahili, mwenye makosa ni yeye. Siku ile somo lilimwingia.

Ningependa kuwaambia niliogopa kwa ajili ya watoto wangu watatu. Watu wengi wangenielewa. Lakini wakati mdomo unafunguka sikuwaza mtoto hata mmoja. Niliwaza yadi nzima ikijua kwamba Salum, mwalimu wa Punda, amelisahau neno lililoandikwa kwa herufi za ukubwa wa sahani. Ilikuwa aibu tu.

Kesho yake Nyambura aliniita kwenye kontena. Alikuwa na karatasi mbili, moja kila mkono.

"Salum, hii ni report, nime-type vile Otis amesema. Eti operator aliambiwa asimame na hakusimama. Na hii nyingine ni ile letter ya Dieudonné." Akaziweka mezani sambamba. "Bosi amesema kama report ni hivi, huyu mtu hana kazi, na kama hana kazi, hii letter haiwezi kuwa signed. So nakuuliza, kabla nipeleke. Uko sure?"

Nyambura hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinipa mlango wazi ili nipite. Nilitazama ile barua. Jina la mkewe lilikuwa limechapwa vizuri, na la bintiye chini yake, na mwaka wa kuzaliwa.

"Niko sure," nikasema.

"Haya. Si wewe ndiye ulikuwa huko." Akachukua ripoti akaenda nayo. Barua aliitia kwenye droo ya chini, akaisukuma kwa mguu.

Dieudonné alikuja mara moja tu kuchukua vitu vyake, mkono umefungwa plasta. Alimpa mkono Otis. Akampa mkono Nyambura, ambaye alikuwa analia. Alipofika kwangu akasema, "Unisamehe, kaka. Nimekuharibia kazi." Mimi nikamwambia asijali. Hayo ndiyo maneno niliyompa.

Miaka niliyofanya kazi baada ya hapo ni mingi, na karavani nilizozisogeza ni nyingi, na wengine wenu nimewafundisha mwenyewe. Otis alistaafu akaniachia kiti chake. Niliwafundisha vizuri. Hakuna aliyeumia tena chini ya mkono wangu. Nilikuwa najihesabia hilo kama malipo, mpaka nilipotambua kwamba aliyedhulumiwa halipwi na usalama wa watu wengine.

Nilimwona mara moja tena. Mtoto wa dada yangu alikuwa anahitimu chuo kikuu, na baadaye tulikwenda kula mtaa wa Shaw, kwenye mgahawa wa Wahabeshi. Nilikuwa natafuta pa kuegesha gari. Msimamizi wa maegesho akaja akinipungia mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka karibu na tumbo. Shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Kaka Salum!" Alinikumbatia. "Habari za siku nyingi? Hujambo? Wote hawajambo?"

Kiswahili kimenyooka. Alikuwa ameendelea kukitengeneza peke yake. Nikamwuliza habari za nyumbani, nikaogopa jibu.

"Mke wangu alikuja," alisema. Alisema mke, hakusema bibi. "Ilichukua muda, patron mwingine, yaani mwajiri, barua nyingine. Miaka minne tena, kaka. Mtoto alifika anasoma shule tayari. Pale airport mama yake akamwambia, huyu ni papa, baba yako. Akanipa mkono. Akaniambia, bonjour monsieur, kama kwa mgeni." Alicheka kidogo. "Sasa tunazoeana. Analeta kichwa nguvu, lakini tunazoeana."

Gari zilikuwa zinapiga honi nyuma yangu. Aliinama dirishani, akashusha sauti, na uso wake ukawa ule ule wa kwenye machela.

"Kaka, kitu moja tu. Haina shida tena, imepita. Miye minataka kujua tu, kwa roho yangu. Siku ile Bowie. Weye ulisema nini?"

Lile swali lilipomtoka, Kiswahili alichokinyoosha miaka yote kilirudi Lubumbashi. Hakuwa na kazi ya kunipokonya. Otis alikuwa ameshastaafu, ripoti imeoza kwenye kabati. Nilikuwa sina cha kupoteza hata kimoja isipokuwa jinsi alivyokuwa ananitazama.

"Nilisema simama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili tatu. "Alors, basi. Ni masikio yangu. Kila siku najiambia hivyo, ni masikio yangu." Akapiga paa la gari langu taratibu, kama alivyokuwa akimpiga Punda baada ya kazi, akanionyesha nafasi nzuri karibu na mlango. Akaniongoza kuingia. Mbele. Taratibu. Simama.

Uongo wa kwanza nilisema kwa kushtuka. Wa pili nilisema nimekaa, nimefunga mkanda, nina akili timamu. Wa pili ndio unaoniamsha.

Nilirudi Shaw mwaka uliofuata nimejiandaa. Maegesho yamekuwa jengo la ghorofa. Nyambura alisikia kwamba familia ilihamia Ohio, au pengine Iowa, mtu aliyemwambia hakuwa na hakika. Namba aliyonipa ilipokelewa na mtu asiyemjua. Nimeuliza misikitini, nimeuliza makanisani, nimeuliza kila Mkongomani aliyewahi kuniuzia samaki. Otis alifariki ananiamini.

Nyie siku hizi mnasogeza karavani kwa remote, mmesimama pembeni na kahawa mkononi. Lakini nimewasikia. Yule binti mpya, na Hector, na wale wawili wazaliwa wa hapa Landover, wote mkiona hatari mnapiga kelele, "Simama!" Hamjui limetoka wapi. Mliniuliza siku ya keki, nikaleta utani.

Nendeni kwenye banda la nyuma, nyuma ya matangi ya gesi. Punda yuko pale, betri imekufa, magurudumu yamekauka. Futeni vumbi ubavu wa kulia. Mtaona maneno manne ya rangi nyeupe, na chini yake la tano limekatwa kwa mstari mwekundu. Mwandiko ni wa Dieudonné. Yeye ndiye aliyewapa neno mnaloishi nalo, na yeye ndiye aliyelifuta lile la kuua.

Na ikiwa siku moja, popote mtakapohamia, mtakutana na mtu mrefu wa Lubumbashi ambaye mkono wake wa kushoto haukunjuki vizuri, msimpe salamu zangu kwanza. Mwambieni kwanza kwamba masikio yake hayakuwa na kosa. Alisikia sawasawa.

Nilisema achia.